Gongo la Kilkenny: mwaka mmoja mkononi mwa binti yangu

Gongo ninalolitathmini hapa lina urefu wa inchi 30, limechongwa kwa mti uitwao eshi, na nililinunua kwa euro 32 katika karakana ya fundi mmoja wa kijijini, katika kaunti ya Kilkenny, kusini-mashariki mwa Ayalandi. Ni gongo la kamogi, yaani mpira wa magongo wa Kiayalandi unaochezwa na wanawake; wanaume wakiucheza huitwa halingi. Jina la karakana silitaji kwa sababu mwenyewe aliniomba nisilitangaze: wanaongoja zamu tayari ni wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia, na simu yake, kama nitakavyoeleza, ni pambo la ukutani. Hata hivyo karakana za namna hii ziko nyingi katika kaunti hizi za kusini, na mzazi mwenzangu aliyehamia huku, ambaye mtoto wake amerudi kutoka shuleni akidai gongo, atafaidika akijua atazame nini kabla hajafungua pochi.

Mimi nilianza kwa kukosea. Gongo la kwanza nililinunua katika duka kubwa la vifaa vya michezo, nikajiamini kwa kuwa nilipokuwa sekondari Mombasa nilicheza mpira wa magongo miaka mitatu na nilidhani gongo ni gongo. Sivyo. Gongo tulilolizoea lina upande mmoja bapa, na muda mwingi mpira unakaa chini. Katika kamogi mpira hupigwa kwa pande zote mbili za bapa, yaani sehemu pana iliyo mwishoni mwa gongo, huinuliwa kwa ncha kutoka kwenye majani, hudakwa kwa mkono, huruhusiwa kukaa kiganjani kwa hatua nne tu, au husawazishwa juu ya bapa huku mchezaji akikimbia, kisha hupigwa ungali hewani wakati mpinzani naye ameinua gongo lake kuuzuia. Magongo yanagongana. Lile la dukani lilipasuka bapa katika wiki ya tatu, ufa wa urefu wa kidole, na nilipolirudisha niliambiwa kwamba kupasuka ni matumizi ya kawaida na risiti haisaidii.

Ni hilo gongo lililopasuka nililompelekea fundi, nikitumaini atalitia gundi. Alilishika, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya nyuzi za mbao, akianzia kwenye mpini na kushuka. Ukucha ulikwenda sawasawa mpaka pale gongo linapoanza kujikunja, na hapo nyuzi zikatoka nje ya ukingo kama barabara inayoishia porini. Bapa zima lilikuwa limeshikiliwa na nyuzi fupi fupi zilizokatwa. Kisha akachukua gongo jingine kwenye fungu lake, akanipa nipitishe ukucha wangu mwenyewe: nyuzi zilishuka na mpini, zikafika kwenye kona, zikapinda pamoja nayo na kwenda mpaka kwenye ncha.

Siri yake haipo kwenye mashine. Ubao wa gongo zuri hukatwa katika sehemu ya chini kabisa ya shina, kama mita moja na robo kutoka ardhini, pale mti unapopanuka kuelekea mizizini, na kwa hiyo mbao yenyewe inakuwa imejipinda tangu ingali hai. Mti huwa umekua kwa miaka 30 hivi kabla ya kufaa. Fundi huchora umbo kwa penseli juu ya ubao akifuata mpindo huo, hulikata kwa msumeno wa mkanda, hulipunguza kwa randa huku limebanwa kwenye jiliwa, halafu hulipiga msasa. Kabla ya kufunga mkanda wa bati kwenye bapa aliisimamisha ncha ya gongo sakafuni, akaegemea mpini kwa uzito wa mwili wake, likapinda kama upinde, na alipoachia likarudi. Nilimwuliza kama halitavunjika. Akanijibu kwamba lisilopinda ndilo linalovunjika, tena usoni mwa mtu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuniuliza umri wa mtoto. Aliuliza anacheza nafasi gani. Nilipomwambia yuko mbele, kwenye ushambuliaji, alionyesha picha iliyobanwa juu ya benchi lake la kazi, imekwishaliwa na jua, ya timu ya wanawake waliovaa mistari myeusi na ya kahawia-njano ya Kilkenny, akasema kwamba katika kaunti hii gongo la mshambuliaji hupimwa kwa mwanamke mmoja tu. Alikuwa akimzungumzia Angela Downey, na kwa kuwa sehemu kubwa ya huduma niliyoilipia asubuhi ile ilikuwa ni masimulizi yake, naona si haki kutathmini gongo nikaacha kipimo chake.

Angela Downey alizaliwa mwaka 1957 akakulia Ballyragget, mji mdogo wa kaskazini mwa kaunti, pamoja na pacha wake Ann. Baba yao, Shem Downey, alikuwamo katika kikosi cha Kilkenny kilichoifunga Cork kwa tofauti ya pointi moja katika fainali ya halingi ya mwaka 1947, mechi ambayo wazee wa huku wanaizungumza kana kwamba ilichezwa Jumapili iliyopita. Magongo, basi, yalikuwamo nyumbani kabla ya mapacha wenyewe. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 15, Angela alicheza fainali ya Ayalandi nzima dhidi ya Cork, na timu yake ikashindwa. Mgeni anaweza asijue uzito wa jambo hili: Kilkenny ya wanaume ilikuwa imezoea mataji ya halingi tangu zamani, lakini wanawake wake walikuwa hawajawahi kulibeba kombe la O'Duffy, ambalo ndilo kombe kuu la kamogi na limeshindaniwa tangu mwaka 1932.

La kwanza lilipatikana mwaka 1974, na halikuja kirahisi, kwa maana fainali dhidi ya Cork ilibidi irudiwe. Yakafuata ya 1976 na 1977, mwaka ambao Angela alikuwa nahodha akiwa na miaka 20, kisha la 1981. Halafu tangu 1985 hadi 1991 Kilkenny haikumwachia mtu kombe hilo, miaka saba mfululizo, na la mwisho katika zama hizo likapatikana 1994 wakati Ann ndiye aliyekuwa nahodha. Hesabu inakuwa mataji 12, nayo yote 12 ya kwanza katika historia ya kaunti, na dada hao wawili walikuwamo katika kila moja. Katika ngazi ya klabu walichukua ubingwa wa nchi wakiwa na St Paul's, na baadaye wakiwa na Lisdowney. Baada ya 1994 Kilkenny ilikaa miaka 22 bila kombe. Lilipopatikana tena mwaka 2016, kocha mkuu alikuwa Ann Downey.

Kwa haki ya hesabu, si Angela mwenye medali nyingi kuliko wote. Kathleen Mills wa Dublin, aliyechezea klabu ya shirika la reli pale Inchicore, alipata 15, na ya mwisho aliitwaa mwaka 1961 akiwa nahodha, siku alipotimiza miaka 38. Nilimtajia fundi jambo hilo, nikidhani nimemshika. Alikiri kwamba Mills alikuwa mkubwa, akaendelea kupiga msasa, kisha akasema Dublin ya enzi zile haikuwa na wapinzani wengi. Dai hilo lina chembe ya ukweli, kwa kuwa kati ya 1948 na 1966 Dublin ilikosa kombe mara moja tu, mwaka 1956, lakini pia ni dai la mtu wa Kilkenny, na msomaji alipokee hivyo. Waliochagua kikosi bora cha karne mwaka 2004, kamogi ilipotimiza miaka 100, hawakutaka ugomvi: waliwaweka wote wawili.

Kinachohusu gongo ni namna Angela alivyocheza. Katika miaka yake timu ilikuwa na wachezaji 12, siyo 15 kama ilivyo tangu 1999, na mshambuliaji mwenye sifa aliwekewa mlinzi wa kumganda mechi nzima, wakati mwingine wawili. Nafasi ya kurudisha mikono nyuma na kulizungusha gongo kwa nguvu haikuwepo. Kwa maelezo ya fundi, ambaye anasema alikuwa jukwaani katika fainali zake kadhaa, Angela aliupokea mpira akiwa tayari ameshaanza kukimbia, akageuka upande ambao mlinzi hakuutazamia, na pigo lenyewe lilitoka kwenye vifundo vya mikono, fupi kama mtu anayefukuza nzi. Kwa hiyo mshambuliaji, alihitimisha, hafai kupewa gongo refu lenye bapa zito, hata kama ndilo linaloupeleka mpira mbali. Waachieni walinzi hayo. Akanipunguzia inchi mbili kutoka kwenye urefu niliokuwa nimeukusudia, ambao niliupata kwa kanuni ya kawaida ya kumsimamisha mtoto wima na kuhakikisha kichwa cha mpini kinafika kwenye nyonga.

Kuna tukio la fainali ya 1989, tena dhidi ya Cork, ambalo kila mtu hapa atakusimulia hata usipouliza. Angela alipenya kuelekea golini, akakabwa, na katika purukushani hiyo sketi yake ikamtoka. Hakusimama. Aliendelea na mpira mpaka akafunga goli, ambalo katika mchezo huu ni sawa na pointi tatu, ndipo akarudi kwa ajili ya vazi lake. Watu hucheka wanapolisimulia, na mimi nilicheka, mpaka nilipokuja kununua sare ya binti yangu na kukuta kwamba zaidi ya miaka 30 baadaye wasichana walikuwa bado wanalazimishwa kuvaa sketi yenye kaptura ndani yake, vazi linalopanda, linalobana na linalohitaji kurekebishwa kila baada ya kuinama. Tarehe 3 Mei 2025 wachezaji wa Kilkenny na Dublin waliingia uwanjani kwa nusu fainali ya jimbo la Leinster wakiwa wamevaa kaptura, wakaambiwa wakabadilishe la sivyo mechi isingechezwa. Siku 19 baadaye mkutano maalumu wa chama cha kamogi ulipiga kura, na asilimia 98 wakakubali kila mchezaji achague mwenyewe. Sketi ya binti yangu iliyonigharimu karibu sawa na gongo sasa inafungia mlango wa banda la kuku usipigwe na upepo.

Nirudi kwenye gongo. Limetumika mwaka mmoja, mazoezi mara mbili kwa wiki na mechi nyingi za Jumamosi, mara kwa mara katika mvua, kwa sababu huku mvua haiahirishi kitu. Nililipima kwenye mizani ya jikoni likiwa jipya: gramu 430 pamoja na bati na utepe. Uwiano wake ni mzuri kwa namna ambayo mtu huihisi kabla ya kuielewa. Ukilishika kwa mkono mmoja katikati ya mpini, bapa halining'inii kama nyundo, linakaa. Binti yangu, aliyekuwa akilalamika kwamba mkono wake wa kulia unachoka kabla ya nusu ya kwanza kwisha, aliniambia baada ya mazoezi ya pili, "Mama, hili halinivuti." Tangu hapo ameacha tabia ya kushika gongo kwa mikono yote miwili wakati wa kukimbia, na hilo limemfungulia mkono wa kudakia. Mpira ukigongwa katikati ya bapa unatoa mlio mkavu, mfupi, na mtetemo hauji mikononi. Ukigongwa karibu na ncha, mtetemo upo, na siku za baridi unauma.

Nililinganisha na gongo la plastiki ngumu la rafiki yake, ambalo wazazi wengi wapya hulipenda kwa sababu halipasuki wala haliogopi mvua, na kila moja linalotoka kiwandani ni sawa na jingine. Sifa hizo ni za kweli. Kwa mtoto anayeanza, anayelisahau gongo uwanjani usiku kucha, ningelinunua bila kusita. Lakini mpira unaliruka upesi mno, na kuutuliza juu ya bapa wakati wa kukimbia, ambao ndio ustadi unaomtenganisha mchezaji na mpiga mbio, ni kazi ngumu zaidi. Watoto watatu wa timu yetu waliojaribu yote mawili walichagua mbao. Si utafiti, ni watoto watatu.

Kasoro zipo, na baadhi zinaudhi. Utepe wa mpini ulianza kufunguka katika mwezi wa pili. Ulikuwa wa bei rahisi na ulifungwa kwa haraka, jambo lisiloeleweka kwa mtu aliyetumia saa nzima kulainisha mbao ambayo utepe huo unaifunika. Ncha ya bapa imelika upande mmoja, kipande cha ukubwa wa ukucha, ingawa fundi anasema hiyo ni alama ya mtu anayechukua mpira chini kwa usahihi na nisimkataze. Huduma kwa mteja ni ya kubahatisha. Hakuna kadi, ni fedha taslimu tu. Hakuna tovuti wala orodha ya bei. Simu inalia mpaka inachoka. Aliniambia wiki mbili, nikangoja tano, na nilipofika nikamkuta amekwenda mnadani, ikabidi nirudi kesho yake, mwendo wa dakika 40 kila upande. Mwenye haraka asijaribu.

Kinachofidia yote hayo ni matengenezo. Bati lilipolegea mnamo mwezi wa saba nilikwenda bila miadi, akalitoa, akafunga jipya kwa misumari midogo huku nikisubiri kando ya jiko lake la kuni, na malipo yalikuwa euro 5. Alichunguza bapa kwa ukucha uleule. Alinigombeza kidogo kwa kuliacha gongo karibu na kipasha joto, kwa sababu mbao ikikauka kupita kiasi huwa nyepesi na dhaifu, akaniagiza nilipake mafuta ya kitani mara moja kwa mwezi na nisiliache kwenye buti la gari wakati wa kiangazi. Niliyafanya, na tangu wakati huo halijaonyesha ufa.

Kuhusu bei, euro 32 kwa kifaa cha mtoto anayekua si kidogo, na fundi mwenyewe anasema miaka 15 iliyopita angeliuza kwa pungufu ya hapo sana. Sababu ni mti. Ugonjwa wa kuvu unaokausha miti ya eshi uligunduliwa Ayalandi mwezi Oktoba 2012, na tangu hapo mashamba ambayo yangetoa mbao ya magongo yanakufa kuanzia matawi ya juu kushuka. Mbao nyingi sasa inaagizwa kutoka bara la Ulaya, na fundi huilipia kabla hajajua ni vipande vingapi vitakuwa na mpindo unaofaa. UNESCO iliingiza halingi pamoja na kamogi katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2018, heshima kubwa, lakini haioteshi shina. Nyuma ya karakana nimeona mbao za mianzi zilizogandishwa kwa gundi. Anazifanyia majaribio, ila hakutaka nizishike.

Ukienda kwa fundi yeyote wa aina hii, mpeleke mtoto mwenyewe, usipeleke vipimo. Mimi nilipeleka vipimo, na nilibahatika tu kwamba aliuliza swali sahihi. Angalia nyuzi kwenye kona ya bapa kabla ya kutazama urembo; omba uliegemee kama alivyoliegemea yeye; na nunua utepe mzuri mahali pengine, uufunge mwenyewe nyumbani.

Jumapili iliyopita nilimsimamisha binti yangu ukutani, gongo likiwa pembeni yake. Ameongezeka, kichwa cha mpini kiko chini ya nyonga kwa upana wa vidole vinne, na hata kwa kanuni ya fundi vidole hivyo ni vingi mno. Nimeagiza la inchi 32. Nimeambiwa wiki mbili.